Kwa fundi mpya: pima joto kabla ya kuuhukumu mshale

Gari ya familia ikiletwa gereji kwa sababu mshale wa temprecha umepanda, fundi mchanga hukimbilia moja kati ya njia mbili. Ama anauamini mshale moja kwa moja na kuanza kufungua injini, ama anaupuuza na kumwambia mwenye gari, "Hiyo geji tu, endesha." Ya kwanza inamtia mtu gharama ya gasketi na kuchonga hedi, yaani kichwa cha injini, bila sababu, na gari inakaa gereji wiki nzima watoto wakihangaika na daladala kwenda skuli. Ya pili inaweza kuua injini katikati ya safari ya Makunduchi. Ndiyo maana vijana wanaokuja kujifunza kwetu nawaambia kila siku: mshale ni taarifa tu ya joto, na taarifa inaweza kuharibika njiani. Lipimeni joto lenyewe kwa njia nyingine kwanza, ndipo mseme kilichoharibika ni injini au ni geji.

Nitasema zaidi juu ya Toyota Noah za zamani, zile zenye injini chini ya viti vya mbele, kwa sababu ndizo zimejaa Unguja na Pemba na ndizo zinazowasumbua wageni wa kazi. Ili uione injini lazima uinue kiti. Rejeta iko mbele kabisa, na mabomba ya maji ni marefu, kwa hivyo hewa inanasa kwa urahisi kila maji yanapobadilishwa. Nyaya nazo zinapita sehemu zenye joto, vumbi na unyevu. Gari ya namna hii ina nafasi nyingi za mshale kusema uongo.

Anza kwa kumsikiliza anayeendesha, na umsikilize kweli. Mara nyingi ni mama wa nyumba ndiye anayeijua gari kuliko aliyeinunua. Muulize: Bi mkubwa, mshale unapanda saa ngapi? Unapanda pole pole au unaruka? Ukipanda gari inakosa nguvu? Kuna maji chini asubuhi? Majibu yake ni nusu ya kazi. Joto la kweli linafuata mzigo: kilima, abiria wengi, foleni ya Darajani mchana, kiyoyozi kikiwa wazi. Pemba utaliona vizuri zaidi, kwa sababu barabara zake zina vilima vingi kuliko zetu za Unguja. Gari inayochemsha kweli hupanda mshale kwenye mlima na hushusha kidogo kwenye mteremko. Ubovu wa umeme haujui mlima. Unafuata matuta, mvua, taa, honi, kiyoyozi kinapowaka na kuzima. Na tizama kasi ya mshale. Ndani ya injini kuna lita kadhaa za maji na chuma kingi, na vitu hivyo havipandi nyuzi thelathini ndani ya sekunde moja. Mshale ukiruka ghafla kutoka katikati mpaka juu, kisha ukarudi ghafla, shuku waya kwanza.

Kwanza, lakini usiishie hapo, maana maji yakipungua mshale unaweza kucheza vilevile.

Kwa hivyo hatua ya pili ni maji, injini ikiwa baridi. Mfuniko wa rejeta usiufungue ikiwa moto, hata mwenye gari akikuharakisha. Maji yaliyo ndani ya mfumo uliofungwa yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya shinikizo la mfuniko. Ukiufungua, shinikizo linaondoka na maji yanageuka mvuke papo hapo usoni kwako. Subiri mpira wa juu upoe, uweze kuushika na kuubonyeza. Tizama kiwango ndani ya rejeta yenyewe, usitosheke na kile kichupa cha akiba, maana kichupa kinaweza kuwa kimejaa na rejeta iko tupu, ikiwa mfuniko hauvuti.

Hili la maji nalikazia kwa sababu moja ambayo wengi hawaijui mpaka iwakute. Senda ya geji, kile kidude kilichofungwa kwenye injini kinachoupelekea mshale taarifa ya joto, inapima kile kinachoigusa. Maji yakipungua mpaka senda ikabaki hewani, mshale unaweza kushuka na kukaa kwenye baridi huku hedi inaungua. Dereva anaona mshale umeshuka, anafurahi, anakanyaga mafuta. Basi mtu akikwambia "ulipanda sana, kisha ukashuka wenyewe," usiseme gari imejiponya. Tafuta maji yameenda wapi: mpira uliochanika, pampu inayovuja, au gasketi ya hedi inayopitisha. Gasketi ina dalili zake: mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta injini ikiunguruma, mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, oili kuwa kama maziwa.

Sasa pima. Kipimajoto cha miale, kile chenye umbo la bastola, siku hizi si ghali, na fundi anayeanza namshauri anunue hicho kabla ya spana ya bei mbaya. Elekeza kwenye chuma mahali mpira wa juu unapoungana na injini, si kwenye feni wala kwenye bomba la moshi. Chuma kinachong'aa kinakudanganya, kinasoma chini ya joto lake, kwa hivyo bandika kipande cha tepu nyeusi na usome juu ya tepu. Washa injini ikiwa baridi, kaa nayo, andika. Kwenye injini nyingi za Toyota za petroli themostati, mlango unaoruhusu maji kupita rejeta yakishapata moto, huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Utauona mpira wa chini, uliokuwa baridi, unaanza kupata moto. Feni ikifanya kazi, joto linatulia mahali pake. Ikiwa kipimajoto kinasema 88 na mshale uko kwenye nyekundu, injini ni nzima na geji inasema uongo. Ikiwa kipimajoto kinasema 110 na kinaendelea kupanda, zima, mshukuru mshale, na uhamie kwenye rejeta, feni na pampu.

Tuseme injini ni nzima. Hapo ndipo kazi ya umeme inapoanza, na ni nyepesi kuliko inavyotisha.

Kwenye gari hizi za zamani kuna vitu viwili vinavyofanana na watu huvichanganya. Senda ya geji mara nyingi ina waya mmoja tu. Ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi, inapita kwenye uzi wake wenyewe, yale meno kama ya skurubu yaliyofungwa ndani ya chuma cha injini. Sensa ya kompyuta ina nyaya mbili, na haiendeshi mshale, inaiambia kompyuta itie petroli kiasi gani. Nimeona watu wakinunua sensa ya nyaya mbili tena na tena, mshale ukabaki palepale, kwa sababu kitu walichobadilisha hakikuhusika kabisa.

Chomoa waya wa senda, fungua swichi bila kuwasha injini. Mshale unapaswa kulala chini kabisa. Ukibaki juu waya ukiwa umechomolewa, basi waya umechubuka mahali fulani na kugusa bodi, yaani mwili wa gari, au geji yenyewe imekufa. Sasa gusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini, lakini kupitia balbu ndogo ya dashibodi, usiguse moja kwa moja kwa muda mrefu ukaichoma geji. Mshale unapaswa kupanda kuelekea moto. Ukilala ulipochomoa na ukapanda ulipogusisha, waya na geji ni wazima, na ubovu uko kwenye senda au kwenye ethi yake. Usipotikisika kabisa, rudi kwenye fyuzi, na uangalie kama mshale wa mafuta nao umekufa, kwani mara nyingi geji hizi zinakula kwenye fyuzi moja.

Ethi inahitaji maneno yake mwenyewe, khasa hapa visiwani. Hewa ya chumvi haisamehi shaba. Ililetwa Noah kutoka upande wa Fuoni, ya baba mwenye watoto wengi, na malalamiko yake yalikuwa haya: "Fundi, mchana haina neno. Ikifika magharibi nikiwasha taa, mshale unapanda." Alikwisha kuambiwa kwengine kwamba gasketi imekwenda. Tuliinua kiti, tukapima joto, injini iko kwenye 87 na haitoki hapo. Nikampa kijana wetu mita ya umeme, ncha moja kwenye chuma cha injini, ya pili kwenye bodi, injini ikiunguruma. Taa zikiwa zimezimwa mita ilisoma karibu na sifuri. Alipowasha taa kubwa na feni ya kiyoyozi, ikapanda mpaka karibu volti moja nzima, na mshale ukapanda pamoja nayo mbele ya macho yetu. Tukafunga waya wa kubusti betri kutoka injini hadi bodi. Mshale ukarudi katikati ukatulia. Waya wa ethi wa injini, ule uliosukwa bapa, ulikuwa mzima kwa juu, lakini chini ya boliti umeoza, unga wa kijani mtupu. Tulikata mwengine, tukasugua chuma mpaka kikang'aa, tukafunga, tukapaka grisi juu kuzuia chumvi. Gari ikaondoka jioni hiyohiyo na taa zinawaka.

Sababu yake ielewe, usiikariri tu. Alteneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, imefungwa kwenye injini. Umeme wa taa ukishatumika unarudi kwake kupitia bodi na waya wa ethi. Waya ukiwa mbovu, injini na bodi havilingani tena, na senda ambayo ethi yake ni injini inaifanya geji ipokee umeme zaidi ya haki yake. Geji inauonyesha umeme huo kuwa ni joto. Taa na feni vikiwa vinawaka, tofauti kati ya injini na bodi ikizidi volti 0.2, usiendelee na kingine mpaka uitengeneze.

Kosa jengine la ethi linafanywa na mikono yetu wenyewe: kuzungushia senda tepu nyeupe ya mafundi bomba ili isivuje. Tepu ile haipitishi umeme. Ukiijaza kwenye uzi, senda inakosa ethi na mshale unasoma chini au haunyanyuki. Ikiwa uzi unavuja, tumia dawa ya kuzibia kidogo tu, kisha pima kwa mita kwamba mwili wa senda umeshika chuma.

Senda yenyewe ipime kwenye sufuria. Ifunge nyaya za mita, izamishe ncha yake ya shaba tu, kichwa kibaki juu ya maji, weka kipimajoto pembeni, washa jiko. Sisi tuko usawa wa bahari, kwa hivyo maji yakichemka vizuri unajua uko kwenye nyuzi 100 bila kubahatisha. Ukinzani unapaswa kushuka pole pole kadiri maji yanavyopata moto, bila kuruka wala kukatika. Kila aina ya senda ina namba zake, basi linganisha na nzima ya gari ileile. Sensa ya kompyuta ya Toyota za aina hii namba zake zinajulikana: kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Asubuhi ya hapa kwetu, nyuzi 28 au 30, usishangae kuikuta chini kidogo ya 2. Ukiitoa senda ukaikuta imevaa ganda jeupe, hayo ni maji ya kisima. Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na ya visima vya pwani yana chumvi juu yake. Ganda hilo linaichelewesha senda kuhisi joto, na rejeta nayo inaziba vilevile. Mshauri mwenye gari atie kulanti, yale maji maalumu ya rejeta.

Na mshale unaokaa chini siku zote? Kabla ya kununua chochote, fungua nyumba ya themostati. Mara nyingi utaikuta tupu, mtu aliitoa zamani "gari isichemshe." Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kifuniko cha pili kinachoziba njia ya mkato inapofunguka, ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka injini bila kupita rejeta, na kwenye mlima gari inaweza kuchemsha zaidi. Kwenye barabara tambarare inabaki baridi na kula petroli. Rudisha themostati.

Geji yenyewe ndani ya dashibodi iwe ya mwisho. Kama mshale wa mafuta na wa temprecha inakosea pamoja, tafuta umeme inaochangia. Nati za nyuma ya dashibodi zikilegea nazo zinaleta maruweruwe, basi zikaze kabla ya kutafuta dashibodi ya mtumba kwa boti kutoka Dar.

Ukimaliza, ikiwa maji yaliguswa, toa hewa: hita kwenye moto kabisa, injini iungurume mfuniko ukiwa wazi tangu baridi, ongeza maji mpaka mapovu yaishe. Kisha zungusha gari barabarani, urudi, upime tena kwa kipimajoto, na uandike namba mbili kwenye risiti: joto ulilolipima, na mshale ulikuwa wapi wakati huo. Mwonyeshe anayeendesha mahali hapo kwenye dashibodi kwa kidole, na umwambie mshale ukipita hapo, kwa sababu yoyote, asimame pembeni, azime, apige simu.