Punguza Miji Kabla Hujawasha Gari: Somo la Safari Mbili za Pwani

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiniomba nimpangie ratiba ya siku saba ya kuendesha gari mwenyewe kutoka Dar es Salaam mpaka Lamu, akipitia miji yote ya kale iliyo njiani, kisha awe amerudi kazini Jumatatu. Nilicheka, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu ratiba kama hiyo niliwahi kuiandika kwa mkono wangu miaka minne iliyopita, na karatasi yake bado ninayo. Ina miji saba: Bagamoyo, Pangani, Tanga, Mombasa, Gedi, Malindi na Lamu. Mbele ya kila mji nilikuwa nimeandika saa ya kufika na saa ya kuondoka, kama mtu anayesimamia stendi ya mabasi.

Ndoto hiyo ni yetu sote. Kila anayesoma makala hizi amewahi kujiona akiwa na ufunguo wa gari mfukoni, kioo kimeshushwa, bahari iko kulia kwake na hakuna kondakta wa kumwambia ashuke. Sikulaumu kwa ndoto hiyo. Ninachotaka kukueleza ni namna nilivyoiharibu ya kwangu, na namna nilivyoirekebisha mwezi uliopita kwa jambo moja tu, yaani kufuta miji mitatu kati ya saba kabla ya kuwasha gari.

Safari ya kwanza tulikuwa watatu: mimi, mke wangu na mdogo wake wa kiume, ambaye ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Shemeji alikuja na daftari jipya, na hilo peke yake lilitosha kunionya kwamba mimi na yeye hatukuwa tunaenda safari moja. Tulifika Bagamoyo saa tano asubuhi, tukazunguka mji mkongwe ndani ya gari, na tulipofika Kaole ilikuwa saa saba mchana. Asiyewahi kusimama katika magofu ya Kaole saa saba mchana hajui matumbawe yanavyohifadhi joto. Jua lilikuwa la utosi, hapakuwa na kivuli cha maana, na mke wangu alikuwa amejifunika kanga kichwani na kukaa chini ya mti karibu na geti. Shemeji alikuwa ameinama penye kaburi moja la nguzo, akinakili kitu daftarini, na mimi nilikuwa ndani ya gari nikitazama saa. Nikapiga honi. Nimejaribu mara nyingi kulieleza jambo hilo kwa namna itakayonipendelea, na sijafanikiwa: nilimpigia honi mtu aliyesimama makaburini.

Kanisa la misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 tuliliona kwa dirisha la gari. Mwaka 1874 Chuma, Susi na wenzao, waliokuwa watumishi wa msafiri Mskoti David Livingstone, waliuleta hapo mwili wake, baada ya kuubeba kwa miguu miezi mingi kutoka bara. Watu wale walitembea miezi, nasi tuliokuja kwa gari lenye kiyoyozi hatukuwapa hata dakika kumi. Shemeji hakusema neno, alifunga daftari tu.

Kutoka Bagamoyo tulishika njia ya Msata, kisha barabara kuu ya Segera. Kipande hiki sitakieleza, kwa kuwa hakina la kueleza isipokuwa malori, vijiji vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na askari wenye tochi za kupima mwendo, ambao walinitoza shilingi 30,000 kwa haki kabisa. Baada ya hapo tulipata pancha. Nilifungua buti nikatoa tairi la akiba, nikalikuta halina upepo, na jeki ilikuwepo lakini mpini wake haukuwepo. Kampuni iliyonikodishia gari nilikuwa nimeiamini kwa sababu gari lilikuwa limeoshwa vizuri. Utingo wa lori moja, kijana mwenye kandambili, alituazima jeki na kulipeleka tairi letu kijiji cha mbele kwa bodaboda likajazwe upepo, na aliporudi alikataa pesa mara mbili kabla ya kupokea. Tuliingia Tanga usiku wa saa tatu, tukiwa na njaa na bila hamu ya kuzungumza.

Asubuhi yake ndipo lilipotokea lile ambalo bado linaniuma. Kwa kuwa tulichelewa, niliamua kuikata Pangani katika ratiba, kwani iko kilomita zipatazo 50 kusini mwa Tanga na ilikuwa maana yake kurudi nyuma. Shemeji alikuja safari ile kwa ajili ya Pangani. Ni mji ambako upinzani dhidi ya kampuni ya Wajerumani ulianza mwaka 1888, na ndiko Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, aliponyongwa mwezi Desemba 1889, na yeye huwafundisha wanafunzi wake habari hizo kila mwaka bila kuwahi kupaona. Nilimwambia kwamba mpakani hakungoji mtu. Akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Shemeji, mimi nilikuja kuona miji, wewe unahesabu kilomita." Akachukua begi lake, akapanda bajaji kwenda stendi ya Kange, na mchana alikuwa ndani ya basi la Dar es Salaam.

Sisi tuliendelea. Pale Horohoro, kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya, tulipoteza saa tatu kwa kuwa kampuni ilinipa nakala ya kadi ya gari badala ya kadi halisi, na barua ya mwenye gari ya kuniruhusu kulivusha haikuwa na muhuri. Likoni tulikaa juani kwenye foleni ya kivuko cha kuingia Mombasa. Ngome ya Yesu ya Mombasa tuliikuta imekwisha kufungwa, tukapiga picha mbele ya ukuta. Magofu ya Gedi tuliyazunguka kwa dakika 25, na mnara wa Vasco da Gama pale Malindi kwa dakika kumi au pungufu. Lamu, mji uliomo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001 na ambao barabara zake ni za watu na punda, tuliiingia kwa boti jua likizama baada ya kuliacha gari Mokowe, tukatoka alfajiri. Zaidi ya kilomita 1,500 kwenda na kurudi, na nikiulizwa leo Lamu inanukiaje siwezi kujibu, kwa sababu nililala.

Maneno ya shemeji hayakubaki Tanga. Aliyarudia kwenye kikao cha harusi ya binamu yao, mbele ya wakwe zangu, nao wakacheka kwa adabu, kicheko ambacho ni kibaya kuliko kile cha wazi. Kwa miaka minne nilijitetea kwamba yeye hajui kusafiri. Sasa naona kwamba alikuwa sahihi, ingawa mahali pa kulisema hilo hapakuwa kikao cha harusi.

Mwezi uliopita tulirudi, mimi na mke wangu, kwa usiku tisa na miji minne tu: Bagamoyo usiku mbili, Pangani mbili, Tanga mbili na Mombasa tatu. Gedi, Malindi na Lamu nilizifuta kwa kalamu kabla hata sijatafuta gari, na nakiri kwamba mkono ulikuwa mzito, hasa kwa Gedi, iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024 na ambayo kila mtu anaizungumzia. Huu ndio ushauri wangu wa kwanza na, nikisema kweli, karibu ndio pekee: usiku mbili kwa kila mji, na kama siku hazitoshi, punguza miji, usipunguze usiku.

Sababu yake ni jua. Pwani ina siku mbili ndani ya siku moja: ile ya kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne asubuhi, na ile ya kuanzia saa kumi jioni. Katikati ni saa za kulala, kula na kukaa barazani. Ukilala mahali usiku mmoja tu, siku zote mbili unazimalizia barabarani na mji unabakiwa na zile saa za katikati, nawe utaondoka ukidai kwamba magofu yote yanafanana. Kaole ya saa moja asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani na msimamizi akifagia njia polepole, haikuwa na undugu na ile Kaole ya honi. Nilisimama penye kaburi lile lile la nguzo kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji, pengine kwa kulipa deni.

Kwenda Pangani tuliacha lami Muheza. Njia hiyo ya vumbi inahitaji gari lenye kimo, na ikiwa unasafiri wakati wa masika, tafadhali pitia Tanga, usifanye ushujaa. Tulipanga chumba katika nyumba ya zamani karibu na mto, chumba kirefu na chembamba kama kichochoro, na mke wangu akauliza kwa nini watu wenye mali walijenga vyumba vya kubana namna hiyo. Mzee mwenye nyumba, ambaye tulimwita babu tangu dakika ya kwanza, alitupeleka chini ya dari na kutuonyesha kwa fimbo yake: dari ya chokaa na mawe imelala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa mti wa mkoko ndio uliopima upana wa chumba. Ukitaka chumba kipana, alisema, tafuta mkoko mrefu zaidi. Kisha akagonga boriti moja kwa ncha ya fimbo, ikalia kavu, akasema hiyo ameikuta alipozaliwa. Nilipita chini ya boriti za namna hiyo katika miji sita bila kuinua kichwa.

Jioni ya pili tulivuka mto kwa kivuko kwenda Bweni, bila gari, pamoja na baiskeli, magunia na mama mmoja mwenye ndoo ya samaki, na tukakaa ng'ambo tukiutazama mji unavyobadilika rangi. Hatukufanya jambo jingine lolote, na ninyi mnaonifuata mnajua kwamba mimi si mtu wa kukaa.

Njiani kwenda Tanga tulisimama Tongoni, penye msikiti na makaburi ya nguzo ambayo mengi yameanguka, na hata hapo tulifika mapema kabla ya joto. Tanga yenyewe nitaipita haraka, kwa kuwa mvua ilitufungia ndani nusu ya muda. Hata hivyo, ukiwa mji huo kumbuka kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na hapo, mwaka 1909, na tembea mitaa yake kwa miguu.

Kuhusu gari, sina mengi zaidi ya kuona haya kwangu. Usitie sahihi ya kulikodi hadi umelishusha tairi la akiba mwenyewe na kulibonyeza, umeuona mpini wa jeki, pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto. Ukivuka mpaka, dai kadi halisi ya gari, barua yenye muhuri wa mwenye gari na bima ya COMESA, ile iitwayo kadi ya njano, na usikubali kuambiwa kwamba utamaliziwa mpakani. Safari hii nilivuka Horohoro kwa chini ya saa moja, na afisa mmoja aliniuliza kama mimi ni mfanyabiashara, jinsi karatasi zilivyokuwa zimepangwa. Nilifurahi kupita kiasi.

Mombasa ukitokea kusini unaweza sasa kupita barabara ya Dongo Kundu na kuepuka kivuko. Ukifika, liegeshe gari na ulisahau, kwa maana Mji wa Kale hauna nafasi kwa ajili yako na magurudumu yako, na Ijumaa adhuhuri usiwe na shughuli yoyote huko zaidi ya kukaa kwa heshima. Ngome ya Yesu tuliingia mara tu ilipofunguliwa. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, na Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Miaka miwili nje ya ukuta, ndugu zangu, na sisi tunataka kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Tunakimbilia wapi? Nani aliyetuambia kwamba mji ni deni la kulipwa kwa picha moja mbele ya mlango wa nakshi? Tunawafundisha watoto wetu kuhesabu miji kama wanavyohesabu magoli, kisha tunashangaa kwamba hawajui babu zao walijengaje nyumba.

Samahani, nimeanza kuhubiri, na mke wangu ananiambia kwamba mwenye honi yake asihubiri.

Msomaji wangu nimemjibu kwa kifupi: afute miji minne, halafu anitumie ratiba upya. Bado hajajibu. Shemeji nilimtumia picha moja tu kutoka Bweni, mto ukiwa mbele na paa za Pangani nyuma yake, bila maneno. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaniandikia: "Boma lipo upande gani wa picha, na mmekaa huko usiku ngapi?"