Maswali na Majibu: Nimekwama kwenye Kuandika na Kuzungumza katika mtihani wa Kijerumani wa C1

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa Mbale, Uganda. Nilianza Kijerumani sekondari, nikaendelea Kampala hadi nikapata cheti cha B2, ngazi ya nne kati ya sita za umahiri wa lugha (A1 hadi C2). Mwaka huu nimefanya mtihani wa C1, ngazi ya tano, wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani. Kusoma nimepata 74 na Kusikiliza 68, lakini Kuandika nimepata 54 na Kuzungumza 57. Kila siku nakariri orodha ya maneno magumu. Je, niongeze msamiati zaidi, au nihamie TestDaF, mtihani mwingine wa Kijerumani kwa wanaoomba vyuo vikuu vya Ujerumani, ambao wenzangu wanasema ni mwepesi? Nakusudia kuomba nafasi ya shahada ya uzamili Ujerumani.

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hilo la kuhama, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Usihame kwa sasa. Tangu Januari 2024 mtihani wa Goethe wa C1 umegawanywa katika moduli nne zinazoweza kufanywa pamoja au mojamoja, na kila moduli hufaulu kwa alama 60 kati ya 100. Kwa hiyo Kusoma na Kusikiliza umekwisha kuvimaliza; unachodaiwa ni moduli mbili, nazo umezikosa kwa alama chache. Ukienda TestDaF utaanza upya sehemu zote nne, na vyuo vikuu vingi vya Ujerumani hutaka daraja la TDN 4, la katikati kati ya madaraja yake matatu (TDN 3 hadi 5), katika kila sehemu. Wanaouita mwepesi mara nyingi ni wale wanaopendelea kuzungumza na kompyuta kuliko kuzungumza na mtu, kwa sababu katika TestDaF majibu ya mdomo hurekodiwa kwa maikrofoni. Udhaifu wa kuandika na kuzungumza utakufuata huko pia. Jambo moja tu la kuuliza mapema: chuo unachokiomba kinapokea vyeti vya moduli vyenye tarehe tofauti? Waandikie barua pepe kabla hujalipa ada ya kurudia.

Sasa kuhusu msamiati. Alama zako za Kusoma zinaonyesha kwamba maneno unayo. Anayesahihisha insha ya C1 hutazama mambo manne: kama umetimiza kilichoulizwa, kama hoja zimeunganika, upana na usahihi wa msamiati, na miundo ya sarufi. Orodha unazokariri zinagusa jambo moja kati ya hayo, tena kwa upande mmoja, kwa sababu neno lililokaririwa peke yake huingia katika sentensi likiwa halina kitenzi chake. Mwanafunzi wa Uganda, ambaye amesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, ataandika "eine Entscheidung machen" bila wasiwasi wowote, akifuata "make a decision" ya Kiingereza, ilhali Mjerumani husema "eine Entscheidung treffen" (kufanya uamuzi). Achana na orodha za maneno mojamoja. Badala yake kusanya mafungu kamili kutoka katika makala unazosoma, kama "Maßnahmen ergreifen" (kuchukua hatua), "etwas in Anspruch nehmen" (kutumia huduma au haki fulani) na "etwas in Frage stellen" (kutilia jambo shaka), na kila fungu ulitungie sentensi inayohusu jambo unalolifahamu, iwe ni ada za chuo, soko la Nakasero au usafiri wa bodaboda.

Penye alama nyingi zilizolala ni muundo wa sentensi. Nimesahihisha insha nyingi za ngazi hii, na kosa linalorudi kuliko yote ni la mahali pa kitenzi. Mwanafunzi anaandika: "In Uganda viele Studierende wohnen bei Verwandten." Kwa Kiswahili tunasema "Nchini Uganda wanafunzi wengi wanaishi kwa ndugu", kiima kikitangulia kitenzi kama kawaida, na Kiingereza kinatuunga mkono, lakini Kijerumani hakikubali. Kitenzi cha sentensi kuu hushika nafasi ya pili, hata sentensi ikianza na mahali au wakati: "In Uganda wohnen viele Studierende bei Verwandten." Sheria hii uliisoma ngazi ya A1, na ndiyo maana inaponyoka, kwani hakuna anayeikagua tena. Katika B2 kosa hilo huvumiliwa kiasi. Katika C1, likirudiwa mara tano ukurasa mmoja, linakushusha.

Kutoka hapo ndipo uende kwenye miundo ya juu. Chukua sentensi hii: "Viele Studierende ziehen an den Stadtrand, weil die Mieten gestiegen sind" (wanafunzi wengi wanahamia pembezoni mwa mji kwa sababu kodi za nyumba zimepanda). Ni sahihi, ila ni sentensi ya B2. Igeuze: "Wegen der gestiegenen Mieten ziehen viele Studierende an den Stadtrand." Kishazi kizima cha sababu kimekuwa kirai kimoja, kitenzi kimegeuka kivumishi, na nafasi imepatikana ya kuongeza hoja nyingine: "was wiederum die Fahrtkosten erhöht" (jambo ambalo nalo linaongeza gharama za usafiri). Fanya mazoezi ya kugeuza hivi kwenda na kurudi, sentensi tatu au nne kwa siku, hadi mkono uzoee. Lakini usijaze insha nzima kwa virai vizito. Msomaji Mjerumani naye huchoka. Sentensi mbili nzito kisha moja nyepesi inatosha kuonyesha kwamba unachagua mwenyewe.

Kwa upande wa kutimiza swali, kazi ya kwanza ya Kuandika ni mchango katika mjadala, takriban maneno 230, na ya pili ni ujumbe rasmi wa takriban maneno 120, zote ndani ya dakika 75. Tenga kama dakika 50 kwa ya kwanza, 20 kwa ya pili, na tano za kukagua vitenzi tu. Vipengele vilivyotajwa katika swali vijibiwe vyote, kila kimoja kwa sababu au mfano, kwa kuwa insha nzuri iliyotoka nje ya swali yaweza kupoteza kila kitu. Na tafadhali, utangulizi wa kukariri wa aina ya "Heutzutage spielt … eine große Rolle" (siku hizi … lina nafasi kubwa) uwaachie wengine. Watahini wameusoma mara nyingi mno, na unakula maneno ambayo ungeyatumia kutetea hoja.

Kuzungumza hufanywa na watahiniwa wawili: kila mmoja hutoa hotuba fupi, kisha wanajadiliana. Wengi wetu tuna adabu ya kumwacha mwenzetu amalize, tukaitikia, tukanyamaza. Mtihanini ukimya huo husomwa kuwa huna la kusema. Unatakiwa kushika kauli ya mwenzako na kuipeleka mbele: "Da stimme ich Ihnen nur teilweise zu, denn …" (hapo nakubaliana nawe kwa sehemu tu, kwa sababu …) au "Darf ich hier kurz einhaken?" (naomba niingilie kidogo hapa?). Kwa heshima unaweza kumpinga, hakuna atakayekuona mkorofi.

Katika matamshi, angalia mambo mawili. Lugha zetu kadhaa za nyumbani hazitenganishi sana r na l, kwa hiyo "Reise" (safari) na "leise" (kwa sauti ya chini) huweza kuchanganyika. Jingine ni ü na ö: ukitamka "wurde" badala ya "würde", umegeuza jambo la kudhania kuwa lililokwisha kutendeka, na mtahini atahesabu kosa la sarufi, si la ulimi. Jirekodi kwa simu ukitoa hotuba ya dakika tano, kisha usikilize ukiwa na karatasi, ukiandika kila kitenzi kilichokaa mahali pasipo pake.

Kwa kukusanya hoja, Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle itakufaa zaidi ya unavyofikiri. Sikiliza habari kwa Kiswahili kwanza, uelewe suala lenyewe, kisha tafuta habari hiyohiyo kwa Kijerumani katika DW au Deutschlandfunk, na uangalie wameunganisha hoja kwa viungo gani: "dennoch" (hata hivyo), "hingegen" (kwa upande mwingine), "zwar … aber" (ni kweli … lakini), "folglich" (kwa hiyo). Habari zinazosomwa polepole umeshazipita, ziache.

Kama unaweza kuandika insha mbili kwa wiki na kupata mtu wa kuzisahihisha, miezi mitatu inatosha kwa mtu mwenye alama zako. Msahihishaji anaweza kuwa mwalimu wako wa Kampala au mwenzako aliyefaulu C1, mradi akupigie mstari kosa bila kukuandikia jibu, na wewe uiandike upya insha hiyohiyo kabla ya kuanza nyingine. Kituo cha mitihani kiulize tarehe mapema, kwa kuwa moduli za C1 hazifanywi kila mwezi. Nafasi zikiruhusu, jiandikishe kwa moduli zote mbili katika kipindi kimoja, ili usilipe nauli ya Mbale hadi Kampala mara mbili.