Umemaliza riwaya ya mapenzi na wachapishaji wako kimya? Njia niliyopita mimi

Mdogo wangu, umesema muswada wako una kurasa 192, umeupeleka kwa wachapishaji wawili wa Dar na hakuna aliyejibu. Usiufungie kabatini. Wachapishaji wengi wa kwetu wanaishi kwa vitabu vya shule, na hadithi ya mapenzi haipenyi darasani kirahisi. Mimi mmoja aliniambia wazi nipunguze mapenzi niongeze mafunzo. Nilikataa, na mpaka leo naona nilifanya sawa.

Wasomaji nimewapata WhatsApp. Sehemu za mwanzo nilitoa bure, kipande kila jioni, nakatisha pale pale mlango unapogongwa. Aliyenogewa anatuma hela kwa M-Pesa, anaingizwa grupu la kulipia. Kuvujishiwa kupo, kwa hiyo sura za mwisho niliziweka akiba kwa ajili ya kitabu.

Lakini walionijenga hasa ni waandishi wenzangu. Tuna kikundi kidogo, tunasomeana miswada kabla haijatoka nje. Dada mmoja wa Tanga alisoma sura yangu ya posa, akaandika pembeni: "Mshenga kaja, barua imepokelewa, shangazi yuko wapi? Binti atamwambiaje baba yake kwamba anampenda huyo kijana?" Nikamwingiza shangazi, wakakaa uani wanachambua mchele, binti akajibu bila kuinua macho kwenye ungo. Wasomaji wananitajia ukurasa huo kuliko busu lolote nililoandika. Mhariri wa kulipwa utamhitaji bado, na umlipe yeye kabla ya mchora jalada.

Kwenye kiwanda cha uchapaji kitabu huhesabiwa kwa forma, yaani karatasi kubwa moja inayokunjwa, kwa kawaida ya kurasa 16. Zako 192 ni forma 12. Ukishuka hadi 176 umeokoa forma nzima kwa kila nakala. ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba, na kazi yako isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Jambo moja uliamue kabla ya kumwaga chochote WhatsApp: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyoanza kutolewa 2023, ina kipengele cha riwaya na inataka miswada ambayo haijachapishwa. Washindi huchapishiwa kazi zao. Ukiona unaweza kusubiri, peleka huko kwanza.

Nitumie inbox sura wanayokutana mara ya kwanza. Nitaipeleka kwa wenzangu waisome, na watakwambia ukweli.