Gata inamwaga maji katikati? Maswali yenu kuhusu mteremko

Masika inabisha hodi na maswali karibu yote ni ya gata, ule mfereji wa kukinga maji ya mvua pembeni mwa paa, najibu moja moja.

Fundi habari, nyumba yangu ipo Mbagala, upande wa mbele una mita 12. Gata ishuke kiasi gani?

Salama ndugu yangu. Mi huwa naenda na milimita 5 kila mita, kwahiyo mita 12 ni milimita 60, yani sentimita 6 kutoka mwanzo mpaka kwenye bomba la kushushia. Kama unaona sentimita 6 zitaharibu sura ya nyumba kwa mbele, weka bomba kila kona halafu katikati ndo pawe juu, hapo kila upande unashuka sentimita 3 tu na maji yanagawana. Nyumba ikizidi mita 12 bomba mbili ni lazima.

Fundi wangu anataka afuate fishabodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa unaofungiwa gata), anasema ishanyooka. Nimwache?

Usimwache kabisa dada. Nyumba ya mama yangu Muheza ilipigwa hivyohivyo, ukisimama chini unaiona gata imenyooka safi, mvua ya kwanza tu maji yakarudi upande usio na bomba yakawa yanamwagika juu ya dirisha la jikoni mpaka rangi ikabanduka kama ganda la muhogo wa kuchemsha. Tulipokuja kupima tukakuta fishabodi yenyewe iko juu sentimita 2 upande wa bomba! Jicho halioni sentimita 2 kwenye mita 10, haijalishi fundi ana miaka mingapi kazini.

Tafuta mpira wa maji ule wa kuonyesha ndani, ujaze maji na utoe mapovu yote maana povu moja tu linakudanganya, mmoja ashike kona hii mwingine kona ile, maji yakitulia wekeni alama, hiyo ndo levo. Sasa upande wa bomba shuka zile sentimita zako kutoka kwenye alama, piga msumari huku na huku, vuta uzi wa nailoni ukaze mpaka ukiudonoa unalia. Kila breketi, yani kishikio cha gata, ikae kwenye uzi, basi. Uzi ukipishana na fishabodi fuata uzi.

Si bora niweke mteremko mkali maji yakimbie?

Hapana, ukishusha sana ule mwisho wa gata unakuwa mbali na bati, mvua kubwa ikija maji yanaruka juu ya gata yanaenda zake uani. Ukitaka kuongeza, ongeza theluthi ya mwisho tu, ifike sentimita 1 kwa mita, kule ndo maji yanakuwa mengi.

Mteremko upo ila katikati maji yanasimama, mbu wanatumaliza.

Pole sana. Hapo gata imefanya tumbo, breketi ziko mbalimbali. Gata nusu duara ya sentimita 10 ikijaa inabeba karibu kilo 4 kila mita, lazima ilegee. Weka breketi kila sentimita 60 na kama una mwembe karibu ondoa majani kila wiki. Usilichukulie poa hili, mbu wa dengi anapenda maji yaliyotuama karibu na nyumba, na Dar dengi tuliiona 2014 ikarudi tena 2019.

Tangi la lita 2000 litajaa?

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 60 (pima kwa chini, usifuate mteremko wa bati) likipata milimita 20 ni lita 1200, toa kidogo za kupotea, kwahiyo mvua mbili nzuri zinatosha. Ila angalia urefu wa tangi kabla ya kupiga gata, mdomo wake lazima uwe chini ya mwisho wa gata.

Nitajuaje kazi nzuri kabla sijamlipa?

Panda ngazi na ndoo ya lita 20, mimina taratibu upande wa juu, subiri dakika 5 halafu pitisha mkono ndani ya gata yote. Panapobaki dimbwi la kuzamisha kidole, breketi ya hapo ifunguliwe ipandishwe, na arudie kumwaga mbele yako.