Mwanangu, anza na maji, nyumba itafuata

Tengeru, Arusha

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, kwamba mnahama Tanga kuja Arusha. Unauliza kama umtumie dalali kodi ya miezi sita ili ile nyumba ya Muriet uliyoletewa picha isikuponyoke, na kama ni kweli maji ya Arusha yanaharibu meno ya watoto. Kuhusu dalali, usitume hata shilingi. Kuhusu maji, ni kweli, na hayo ndiyo yatakayokuchagulia nyumba, kwa hiyo naanza nayo.

Tatizo ni floridi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, maji yakipita humo yanaibeba. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na huku kuna visima vinavyopita hapo mara kadhaa. Haina rangi wala harufu, na kwa kuonja huijui. Tena visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kupishana sana, ndiyo maana "fulani anaishi hapo karibu na hana shida" si jibu. Mwenye nyumba akikuapia kwamba maji yake ni safi, huenda hadanganyi, hajapima tu. Wewe tazama meno ya mbele ya watoto wakubwa waliokulia kwenye ua ule. Ukiona madoa ya kahawia au weupe kama chokaa, hapo pana neno.

Mjukuu wangu ana miaka mitatu. Meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi ndani ya fizi, na kazi hiyo inaendelea mpaka kama miaka minane. Doa likiingia wakati huu halitoki kwa mswaki. Wewe na baba yake meno yenu yameshakomaa, lakini floridi nyingi ikinywewa miaka na miaka inahamia kwenye mifupa na viungo, kwa hiyo msijione mmepona.

Najua unachemsha. Endelea, maana kuhara na taifodi bado vipo, ila kuchemsha hakuondoi floridi. Kinachopungua kwenye sufuria ni maji, floridi yenyewe inabaki palepale imekolea zaidi. Dawa ya klorini haiiondoi. Lile chujio la ndoo mbili lenye mshumaa wa udongo nalo linazuia vijidudu na tope, floridi inapita. Kinachoizuia ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, au zile mashine za kusukuma maji kwenye utando ambazo wauza maji ya madumu wengine wanazo. Muulize mwuzaji anasafishaje kabla hujawa mteja wake. Mkaa wa mifupa una mwisho wake. Mkaa ukichoka, maji yanaendelea kutoka meupe vilevile, hivyo muulize aliyekuuzia unabadilishwa baada ya lita ngapi, uandike tarehe ya kuuweka ubavuni mwa ndoo.

Uangalifu huo wote ni wa maji ya kunywa na kupikia tu. Kwenu watatu ni kama lita 10 kwa siku, yaani dumu la lita 20 kila siku mbili. Kuoga, kufua na kudeki tumieni ya bomba. Lakini ya kupikia usiyadharau: wali na ugali hunywa maji yote ya sufuria, na floridi yake mnaila. Na magadi kwenye maharage na makande acha kabisa, yana floridi kuliko hata maji. Loweka maharage usiku, yataiva.

Kupima si kazi kubwa. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, si ya kioo, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze, andika mtaa na chanzo chake, ipeleke maabara ya mamlaka ya maji, AUWSA, au kituo cha utafiti cha Ngurdoto kinachoshughulika na floridi hasa. Ukipata nyumba yenye mifereji ya bati na simtanki, hiyo ipe alama nyingi, kwani maji ya mvua karibu hayana floridi. Paa la mita za mraba 40 likipigwa na mvua ya milimita 10 linakupa lita 400, ukitoa zinazomwagika zinabaki kama 300. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache iende, inasafisha vumbi na kinyesi cha ndege.

Ukifika kwenye nyumba, dalali ataanza kukuonyesha jipsamu na vigae. Mwache aseme. Fungua bomba la nje, halafu la jikoni, na uwaulize wapangaji, si mwenye nyumba, maji yanatoka siku zipi. Mkitumia lita 200 kwa siku, tanki la lita 1,000 ni siku tano. Bomba linalotoka mara moja kwa wiki litawaacha wakavu siku mbili. Kisha sogeza kabati au pazia uangalie ukuta chini. Rangi iliyobabuka kuanzia sakafuni ina maana unyevu unapanda. Nguo zitaota ukungu humo na mtoto atakohoa.

Kuhusu mtaa: kazini kwako ni Kaloleni. Levolosi na Mianzini unatembea kwa miguu, ila nyumba zimebanana. Ukipanda juu, Sekei na Ilboru, ni kijani na baridi zaidi, na masika, kuanzia Machi mpaka Mei, njia za ndani zinateleza. Ukishuka Muriet na Kwa Mrombo nyumba ni mpya na kodi ina nafuu, lakini kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye kabati la vyombo, na asubuhi una haisi na foleni. Mimi ningeanza kutafuta Sakina au Sanawari. Popote utakapopapenda, nenda tena saa kumi na mbili na nusu asubuhi upande gari mpaka kazini, ndipo utajua unapanga nini. Mchana kila mtaa uko karibu na mjini.

Umetoka Tanga, kwa hiyo baridi ya Juni mpaka Agosti itakushangaza. Wengi wanakimbilia hita ya shawa. Hiyo inavuta kama kilowati 5, dakika kumi za kuoga ni karibu uniti moja ya umeme. Watu watatu kila siku, kwa mwezi ni kama uniti 75, na kwa bei ya kawaida shilingi 10,000 inakupa kama uniti 28. Piga hesabu mwenyewe. Tena isifungwe kwenye waya wa taa. Idaie waya wake mnene, swichi yake na ethi. La sivyo, sufuria ya maji kwenye gesi inatosha.

LUKU yenyewe, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ulizia kama ni yako peke yako. Mita ya watu wanne ni ugomvi wa watu wanne. Kabla ya kulipa kodi nunua umeme kidogo kwa namba ya mita hiyo: utaona jina mita ilikoandikishwa, na kama kuna deni linalokatwa. Jina likiwa si la anayekupangisha, aeleze. Kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU kila mwezi na ni ya mwenye nyumba, basi mkubaliane kwenye mkataba atakurudishiaje.

Mkishakubaliana, nendeni wote kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, mkataba uandikwe na kugongwa muhuri pale. Mtu anayepangisha nyumba isiyo yake hapendi safari hiyo. Lipa kwa benki au simu kwenye jina lilelile la mkataba, miezi mitatu ikiwezekana, sita ikibidi. Dalali apate kodi yake ya mwezi mmoja baada ya ufunguo kuwa mkononi mwako. Na uje na barua ya utambulisho ya mtaa wako wa Tanga, itakurahisishia kuandikishwa hapa.

Vyombo vishushwe kwetu kwanza, stoo ipo, mtalala hapa wiki mbili tatu mkitafuta. Fuso la mizigo lisifike Jumatano wala Jumamosi. Ni siku za soko hapa Tengeru, na kona ya kuingilia kwetu huwa imejaa ndizi na maguta. Kuhamisha kutoka hapa mpaka mjini kirikuu kinatosha, safari mbili.

Msalimie mume wako, na mtoto mbusu.

Mama yako