Re: Tipa ya fusi na kokoto Pemba, matairi 10 au 12?

Kaka, waalaykum salaam. Umeuliza matairi 10 au 12. Kwa njia za ndani za Pemba chukua ya 10, difu zote mbili za nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa matairi) ziwe na loki, yaani kifungo cha kuyafanya matairi ya pande zote yazunguke pamoja. Vilima vyetu wakati wa masika, ukiteleza na mzigo, nguvu za injini hazikusaidii kitu.

Bodi usiiongeze mbao za kuinua kingo ili ibebe zaidi, tafadhali. Mchanga mkavu mita moja ya ujazo ni kama tani 1.6, ukirowa hukaribia 2. Bodi ya mita 16 za ujazo ikijaa mchanga wa mvua ushapakia tani 30!

Na kutu. Chasisi ipakwe dawa kabla gari haijapanda meli, kisha ioshwe chini kwa maji ya mfereji (bomba) kila wiki. Yangu niliipuuza, boliti za springi zikaliwa na chumvi mpaka zikakatika.