Mvinyo wa kuoshea ukoko: kuku wa uyoga na krimu, tulivyozoea kumpika Tabora

Mara ya kwanza nilipopika kuku wa uyoga kwa mchuzi wa mvinyo, mama mkwe alichota kidogo, akaushika ule upawa juu ya bakuli, akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, haya maziwa yameganda yenyewe au umeyagandisha?"

Sikuwa na jibu. Bakulini kulikuwa na kuku mzuri tu, lakini akiogelea kwenye maji ya kijivu yenye punjepunje nyeupe, kama mtindi uliotikiswa na mtoto. Tulikula, kwa sababu kwetu chakula hakitupwi mgeni akiwa mezani. Ila wali uliisha na mchuzi ukabaki.

Tangu siku hiyo nimempika kuku huyu mara nyingi sana, hapahapa Ipuli, kwenye jiko la gesi la mtungi mdogo, na siku gesi inapokata katikati, kwenye mkaa. Wanaomla huniuliza natumia mvinyo gani. Wanauliza pasipo. Utamu wa mchuzi huu unatoka kwenye ukoko.

Ukoko wa wali kila mtu anaujua, tumeugombania tangu utotoni. Kuku naye anao wake. Ukimkaanga sawasawa, chini ya kikaango linabaki tabaka la kahawia, linanata, linanukia nyama choma. Wengi wetu tunalimwagia maji na kulisugua kwa steelwire. Miye nilifanya hivyo miaka na miaka, namwaga mchuzi karoni kisha nahangaika kuutengeneza upya kwa viungo vya paketi. Mvinyo katika chakula hiki kazi yake ya kwanza ni kuubandua ule ukoko na kuuyeyusha uingie mchuzini. Ya pili ni kuleta uchachu unaokata mafuta ya krimu, ili ule sahani nzima bila kukinai. Asiye na ukoko anapika maziwa yenye harufu ya pombe.

Basi weka kando kikaango chako kisichoshika, kile cha mayai. Hakishiki chochote, kwa hiyo hakiachi ukoko. Tafuta cha chuma cha pua, au kile kizito cheusi cha chuma. Sufuria zetu za alumini zinaleta ukoko, lakini asidi ya mvinyo inapokaa humo inagusana na alumini na mchuzi mweupe unaweza kugeuka kijivu na kupata ladha ya bati. Ule ukijivu wa mama mkwe, nusu yake ulikuwa sufuria.

Kwa watu wanne nanunua mapaja sita, kama kilo moja na robo, na siyabandui ngozi. Nayafuta kwa kitambaa safi hadi yakauke kabisa, kisha chumvi na pilipili manga. Kukausha huku usikudharau: kuku mwenye maji hachomeki, anachemka, na aliyechemka hana ukoko. Mafuta vijiko viwili, moto wa wastani, ngozi ielekee chini. Halafu mikono mfukoni. Dakika sita au saba usimguse. Mlio wa mafuta ndio saa yako: ukichachatika kwa kasi sawa uko pazuri, ukizizima ukasikia kama maji yanatokota, umejaza vipande vingi mno, toa viwili visubiri. Ukijaribu kumgeuza akang'ang'ania chini, hajawa tayari. Akiiva upande ule anajiachia mwenyewe. Mgeuze dakika tatu, mtoe, muweke kwenye sahani. Ndani bado ni mbichi, hilo lisikutishe, atarudi jikoni.

Hapo nimesema kuku wa kisasa. Ukiwa na wa kienyeji, na Tabora wa kienyeji ndio kuku, yule mtembezi aliyekimbizwa uani tangu asubuhi, usithubutu kuanza na kikaango. Mchemshe kwanza na tangawizi na kitunguu, saa moja, jogoo hata saa moja na nusu, mpaka uma uingie bila ubishi. Mchuje, mkaushe, ndipo umkaange. Una kazi zaidi lakini una supu, na supu ile ukiitumia kwenye mchuzi huu hakuna kidonge cha dukani kitakachoifikia. Nikipewa nichague, siku ya kazi napika mapaja ya kisasa, sikukuu namtafuta jogoo.

Sasa uyoga, na hapa sisi wa Tabora tumebahatika kuliko wapishi wa mijini wanaofungua makopo. Tumezungukwa na miombo. Miti ile inaishi kwa kushirikiana na kuvu kwenye mizizi yake, ndiyo maana mvua zikishakolea, tuseme kuanzia Desemba, ardhi inatoa uyoga wa kila rangi: wa manjano kama kiini cha yai, wa kahawia, mweupe. Kuna na ule wa kwenye vichuguu, ambao mchwa wenyewe ndio wanaoulima chini kwa chini, na mwingine kofia yake inapita sinia. Barabara ya Sikonge utawakuta akina mama wamepanga mafungu yao kwenye majani na ndoo za plastiki. Ninaye mmoja ninayenunua kwake kila msimu. "Mwangaluka, mayo," namsalimu kwa kilugha nikisimamisha bodaboda, na kabla sijauliza bei anaondoa ule wa juu uliopigwa jua na kunichimbulia wa chini.

Kwenye jambo moja tu nitakuwa mkali. Uyoga wa porini nunua kwa mtu anayeuokota kila mwaka na anayeula nyumbani kwake. Usiuchume mwenyewe kwa kulinganisha na picha ya simu. Yale majaribio ya kuweka kitunguu au sarafu ya fedha kwenye sufuria uone kama vitabadilika rangi ni uongo. Ipo sumu ya uyoga isiyoondoka kwa kuchemsha wala kwa kuanika, na mtu huweza kukaa saa sita hadi kumi na mbili akijiona mzima kabla tumbo halijaanza, ilhali ini limeshaanza kuharibika. Ukiwa na shaka, pika mamama, ule wa kulimwa. Kiangazi mimi huwa napika huo huo na sikionei chakula changu aibu.

Wa porini una mchanga kwenye vile vipepeo vya chini ya kofia. Uoshe upesi kwenye maji, usiuloweke, uutandaze kwenye kitambaa. Uchane kwa mkono vipande vikubwa kuliko unavyodhani, kwa kuwa sehemu kubwa ya uyoga ni maji, karibu asilimia 90, na utasinyaa mbele ya macho yako. Gramu 400 zilizojaza beseni zitakaa kwenye kiganja.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanatupia uyoga kwenye mchuzi. Uyoga ukichemshwa mchuzini unakuwa kama kandambili. Baada ya kumtoa kuku, punguza mafuta kibaki kijiko kimoja hivi, tia uyoga kwenye kikaango hichohicho, moto mkali, bila chumvi. Utatoa maji, utadhani umekosea. Subiri. Maji yatakauka, kisha utasikia mlio unabadilika, uyoga unaanza kukaangika na kingo zake kuwa za kahawia. Ndipo siagi kijiko kimoja, kitunguu maji kilichokatwa vidogo, na mwisho kitunguu swaumu punje nne, nusu dakika tu kisije kuungua kikawa kichungu. Sasa chumvi. Nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa ngano, koroga dakika moja hadi harufu ya unga mbichi iondoke. Huo unga una maana yake, nitaufikia kwenye krimu.

Mvinyo. Dodoma wanalima zabibu na kuvuna mara mbili kwa mwaka, na Dodoma na Tabora tuko kwenye reli moja, kwa hiyo sioni kwa nini nihangaike na chupa iliyovuka bahari. Unachotaka ni mweupe mkavu. Soma lebo, tafuta neno "dry". Mimi jaribio la pili nilinunua mwekundu mtamu kwa kuwa ndio niliouzoea harusini. Mchuzi ulitoka wa zambarau na utamu wa juisi, na wifi yangu akauliza kama kuna keki inafuata. Mvinyo mtamu ukipunguzwa kwa moto unazidi utamu. Usinunue pia ule wa bei ya kutupwa ambao wewe mwenyewe ungeutema, maana moto haufuti ubaya, unaukusanya.

Glasi moja inatosha, kama mililita 200. Shusha kikaango mbali na moto kabla ya kumimina, hasa kama unapikia mkaa, mvuke wa pombe unaweza kushika moto ukachoma nyusi. Rudisha, chukua mwiko wa mti, kwangua chini. Utaona ukoko unabanduka vipandevipande na mvinyo unageuka rangi ya chai ya rangi. Hapo niliposimama mara ya kwanza kupatia, nilinusa mvuke ule nikamwita mume wangu kutoka sebuleni aje anuse tu. Acha uchemke hadi ubaki nusu, na ile harufu inayopanda puani ipungue. Kisha supu ya kuku kikombe kimoja.

Watu hupenda kusema pombe yote inaruka. Hairuki yote. Ni kweli pombe inachemka kwenye nyuzi 78, kabla ya maji, lakini ikichanganyika na chakula haiondoki kirahisi hivyo. Kwa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichochemka robo saa baada ya kutiwa pombe hubakiwa na takriban asilimia 40 ya pombe ile. Nusu saa, 35. Saa moja, 25. Kiasi chenyewe kwa sahani ni kidogo, lakini mji wetu una Waislamu wengi, na wapo Wakristo wasiogusa pombe vilevile, na hili si suala la kiasi. Usimfiche mgeni. Shemeji yangu hagusi hata tone, kwa hiyo akija napika kikaango kingine, mwiko mwingine: ukoko naubandua kwa supu, natia kijiko kimoja na nusu cha maji ya ndimu na robo kijiko cha asali ya hapa kwetu. Uchachu na utamu kidogo, kazi ya mvinyo imefanyika. Kuna siku naona chake ndicho kitamu zaidi, ila sijamwambia mtu.

Krimu ndiyo iliyoniaibisha, nayo ina mitego yake. Maziwa ya kawaida yana mafuta machache na protini nyingi isiyolindwa. Yakikutana na asidi ya mvinyo na moto mkali yanakatika, unapata zile punjepunje. Krimu nzito ya kupikia ina mafuta mengi, hiyo inahimili. Tatizo ni kuipata. Tabora kuna wiki ipo, kuna wiki haipo. Tena angalia vizuri, maduka ya vifaa vya keki yanauza boksi linalofanana nayo kabisa, kumbe ni mafuta ya mimea na sukari ya kupambia keki. Nimeshalitia kwenye kuku. Tusilizungumze.

Krimu isipopatikana, nanunua lita mbili za maziwa ya ng'ombe asubuhi kwa mama wa mtaani, nayachemsha, nayaacha yapoe, nayalaza kwenye jokofu. Kesho yake naengua malai ya juu, nayapiga kwa uma na maziwa kidogo hadi yalainike. Kikombe kimoja kasoro. Na hapo ndipo ule unga unapolipa: wanga umeshatanda kwenye mchuzi na kuyazuia maziwa yasikatike ovyo. Namna ya kutia ni hii: moto uwe mdogo kabisa, chota mchuzi wa moto upawa mmoja uuchanganye na krimu kwenye bakuli kwanza, ipate joto, ndipo uirudishe yote. Tangu hapo mchuzi usitokote tena kwa nguvu. Uwe unacheka tu pembezoni.

Wa mkaa, kuupunguza moto maana yake chukua koleo utoe makaa nusu. Kufunika majivu juu hakutoshi, nimejaribu.

Lakini kabla ya krimu, kuku awe ameiva. Mrudishe kwenye mchuzi wa supu na mvinyo, ngozi ikiwa juu isilowe, funika nusu, dakika kumi na tano hadi ishirini. Mchome karibu na mfupa. Maji yakitoka meupe bila wekundu, tayari. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74. Sasa tia krimu, dakika tatu nyingine, onja chumvi, majani ya giligilani, basi. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake: mfereji ukibaki wazi mchuzi umekaa, ukijifunga subiri kidogo.

Wali wa mchele wa Igunga unaupokea mchuzi huu vizuri. Viazi vya kuponda pia. Ugali sijauona ukikataa.

Mvinyo uliobaki naumimina kwenye vile visahani vya barafu, nagandisha, kila kipande kinasubiri kuku wake.

Mama mkwe alikuja tena Februari, uyoga ukiwa umejaa barabarani. Nilimpakulia kimya, nikajifanya nashughulika na glasi za maji. Alikula, akaongeza mchuzi, akachukua tonge la wali akapangusia sahani pembeni mpaka maua ya sahani yakaonekana. Halafu akasema pilipili imepungua.